Shimo Lililofukiwa

Shimo lilikuwa limefukiwa, na aliyelifukia alijitahidi kweli kweli lisijulikane. Udongo ulikuwa umeshindiliwa kwa miguu, ukapigwapigwa kwa mgongo wa jembe, kisha majani makavu yakatandazwa juu kwa uangalifu kama mtu anayemtandikia mgeni kitanda. Bahati yake mbaya ni kwamba mashimo mengine yote ya kilima kile yalikuwa wazi, kila moja na rundo la kifusi chekundu pembeni yake. Hapa rundo halikuwepo.

"Haya mashimo hufukiwa wakati gani?" Inspekta Yusta aliuliza.

"Mpaka mimi niyaone," alijibu Gregory, mhandisi wa kampuni iliyopewa kazi ya kuitengeneza barabara ya Mwasilanga kwenda Dutwa. "Ni ya majaribio tu. Tunachimba tuone kifusi cha kumwaga barabarani kimekwenda chini kiasi gani, na kama hakikuchanganyika na udongo mbaya. Nikishapima matabaka, ndipo tunafukia. Hili sijaliona kabisa."

"Alilichimba nani?"

"Januarius. Alhamisi vibarua walikuwa msibani. Alikuwa peke yake huku juu."

Huyo Januarius ndiye aliyekuwa anatafutwa. Alikuwa fundi sanifu wa kampuni, ametumwa Mwasilanga kupanga machimbo madogo ya kifusi: apime kilima, achore njia ya matipa, aonyeshe udongo wa juu urundikwe wapi na maji ya mvua yatokee wapi. Alhamisi asubuhi alipanda kilimani kwa pikipiki yake. Sasa ilikuwa Jumamosi, pikipiki ilikuwa imekutwa stendi ya Dutwa, na yeye hakuna aliyemtia machoni tena.

Hilo peke yake lingetosha kumkosesha Yusta raha, lakini lilikuwepo baya zaidi. Mkewe Januarius, mwalimu mmoja wa Mwanza aitwaye Valeria, alikuwa amepiga simu kituo cha polisi Bariadi akilia. Mume wake ana kisukari, kile cha kujichoma sindano kila siku tangu utotoni, na dawa zake ziko kwenye friji ya gesti aliyofikia. Yusta alikwenda mwenyewe kuifungua friji hiyo. Vichupa vilikuwa pale, vimesimama katikati ya soda na mtindi wa mwenye gesti.

"Bila sindano anaweza kukaa muda gani?" Yusta alikuwa amemuuliza Valeria kwenye simu.

"Siku mbili. Labda tatu," Valeria alisema. "Sijui, afande. Hajawahi kujaribu."

Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi na ya kutisha. Kama Januarius yu hai mahali fulani, alikuwa anakufa polepole. Kama yumo ndani ya shimo hili, basi haraka yote ya asubuhi ile ilikuwa ya bure. Yusta alimtazama Koplo Luhende, msaidizi wake, akampa ishara ya kichwa. Luhende akavua kofia, akashika sepetu, lakini hakuanza.

"Kuna nini?" Yusta aliuliza.

"Minyaa, afande."

Ni kweli, Yusta naye alikuwa ameiona na kuipita. Minyaa minene, ya zamani, ilikuwa imelizunguka shimo lile na eneo kubwa pembeni yake, imekatika upande mmoja tu, kama mlango. Miaka aliyokaa Simiyu, yeye mtu wa Bukoba, ilimtosha kujua kwamba minyaa haioti kwa duara yenyewe. Watu huipanda kuzungushia nyumba na mazizi yao.

"Palikuwa na mji wa watu hapa," alisema.

"Itongo," Luhende alisema. "Waliishi, wakahama."

Gregory alitazama saa. Ekskaveta yake ilikuwa imeshafika Dutwa, imelala juu ya trela, na msimu wa kununua pamba ulikuwa unabisha hodi. Malori yasipopata barabara, lawama zote zingekuwa zake, na alikuwa amelisema hilo tangu walipotoka Bariadi, mpaka Luhende akajifanya amesinzia.

"Injinia," Yusta alisema, "Jumatano jioni mligombana na Januarius pale gesti."

"Nani kasema?"

"Jenifer, mwenye gesti. Anasema mlipiga kelele mpaka wateja wakazima redio wasikilize."

"Tulibishana kikazi. Alitaka tuhamishe machimbo upande wa pili wa kilima. Nikamwambia kule kifusi ni haba na njia ya matipa itakatiza mashamba ya pamba. Halafu mkutano wa kijiji ulishapitisha hapa. Tukimaliza, shimo linabaki kuwa lambo la kunyweshea ng'ombe. Watu walipiga makofi, afande! Nikawaambie nini, tumeghairi?"

"Kwa nini alitaka kuhama?"

"Alisema hapa hapafai. Nikamuuliza sababu, akasema nimuulize mwenye eneo."

"Ukamuuliza?"

"Mzee Bujiku alikuwepo mkutanoni. Hakupinga."

"Alikubali?"

Gregory alitazama tena saa. "Hakusema kitu."

"Hayo ni mambo mawili, injinia," Yusta alisema. Kisha akamgeukia Luhende. "Chimba."

Luhende alichimba taratibu, akichota kidogo kidogo. Gregory alishindwa kusimama tu akitazama, akachukua jembe akaingia naye. Udongo ulikuwa mwepesi, wa juzi, na kila sepetu ilizama bila kugonga jiwe. Yusta alijikuta anamfikiria Valeria, anapanga maneno ya kumwambia, anayafuta, anapanga mengine.

Sepetu ilivuta kitambaa cheusi.

"Simameni!"

Yusta aliingia shimoni mwenyewe, akapiga magoti, akafukua kwa mikono. Ilikuwa kaniki mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Akashika ncha yake. Akainua.

Ilikuwa mifupa mitupu, ya kahawia, iliyokwisha kushika rangi ya kifusi chenyewe. Fuvu lilikuwa limewekwa vizuri mahali pake, na mabaki ya ngozi ya ng'ombe yaliyokauka kama gome la mti yalikuwa chini ya mbavu. Huyu alikuwa amelala hapa tangu kabla Yusta hajazaliwa. Aliona aibu kwa jinsi alivyofurahi.

"Si yeye," alisema.

Gregory alikaa chini hapo hapo vumbini na suruali yake ya kazini, akajifunika uso.

Pembeni ya fuvu kulikuwa na kibuyu kidogo. Yusta alikinusa. Maziwa, yameganda na kuchacha, lakini yalikuwa ya siku chache tu. Akapiga picha kwa simu, akatoka shimoni, akasimama akipangusa mikono.

"Tuseme Januarius anachimba," alisema. "Anagonga mifupa. Kuna mtu anakuja, anaiona. Mtu huyo hakukasirika akakimbia. Alikwenda dukani, akarudi na kaniki mpya na maziwa, akaipanga mifupa vizuri, akaizika upya. Anayeficha maiti ya mtu aliyemuua jana hafanyi hivi, Luhende. Huyu aliyefukia ni mwenye wafu wake. Na alimkuta Januarius akiwa bado mzima."

"Mzee Bujiku," Luhende alisema.

"Mrudishieni kaniki yake vizuri. Halafu tuteremke."

Mji wa Bujiku ulikuwa chini ya kilima, nyumba ya bati, nyumba za nyasi, zizi kubwa la ng'ombe na nyuma yake kibanda kimoja cha udongo. Yusta alikuwa amefika hapa jana. Alikalishwa kwenye kigoda, akapewa maziwa, akaambiwa na kila mtu kwamba hawajui kitu isipokuwa Mihayo, mtoto mkubwa wa Bujiku, aliyesema alimwona Januarius akiondoka. Shahidi pekee. Yusta alikuwa amemshukuru na kuondoka.

Leo alimkuta Mihayo uani, mwanamume wa makamo mwenye mabega mapana, anapaka grisi kwenye ekseli ya mkokoteni wa ng'ombe.

"Mwangaluka, Mihayo."

"Mwangaluka, afande."

"Nirudishie maneno ya jana. Uliona anaondoka wakati gani?"

"Alhamisi jioni. Mvua ilipokata."

"Kwa pikipiki?"

"Kwa pikipiki yake."

"Akapita wapi?"

"Barabara si hii hii moja, afande. Akashuka mbugani kwenda Dutwa."

"Leo gari letu limezama kwenye udongo mweusi wa mbugani," Yusta alisema, "na jua limewaka jana kutwa. Mtazame koplo wangu, tope limemfika kwenye nyusi. Sasa pikipiki ya yule bwana nimeikagua pale stendi ya Dutwa ilikoachwa. Matairi yana vumbi jekundu la kilimani. Tope jeusi la mbugani hakuna hata la kusingizia. Ilipaa?"

Mihayo aliendelea kupaka grisi mahali palipokwisha kupakwa.

"Labda aliiosha."

"Akaosha tope, akaliacha vumbi?"

Mihayo alichovya tena kidole kwenye kopo.

"Halafu kwenye mnyororo na spoki kulikuwa na nyuzi za pamba." Yusta alipitisha kidole kwenye mbao za mkokoteni, akaibua nyuzi nyeupe. "Pikipiki imeanza lini kuvuna pamba?"

"Kila mtu hapa ana pamba."

"Kweli. Na kila mtu ana ng'ombe wanaoweza kukokota mkokoteni mbugani wakati magari yamelala. Lakini ni wewe peke yako uliyesema umemwona akiondoka kwa magurudumu yake mwenyewe. Ulimbeba wapi, Mihayo? Ulibeba pikipiki tu, au na yeye?"

"Pikipiki tu!" Neno lilimtoka kwa nguvu, akashtuka mwenyewe. Akaweka kopo la grisi chini. "Nilitumwa," alisema kwa sauti ndogo, macho yake yakaenda upande wa nyumba.

Mzee Bujiku alikuwa amekaa kivulini, fimbo kati ya magoti. Alikuwa amesikia yote.

"Niulize mimi," alisema.

Yusta alimsogelea, akachuchumaa mbele yake kwa heshima, kwa sababu jana alisimama na haikumsaidia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Tumetoka kilimani. Tumeona mmemlaza vizuri mzee wenu. Tumemfunika tena."

Kitu fulani kililegea usoni kwa Bujiku.

"Yule ni Mayige, baba yangu," alisema. "Alizikwa zizini mwake, kama walivyozikwa wakubwa wa miji zamani. Mji ukahama, yeye akabaki. Kila mtu Mwasilanga anajua kwa nini pale hatulimi."

"Mbona hukusema mkutanoni?" Gregory aliruka kutoka nyuma. "Mzee wangu, ungesema neno moja tu!"

"Nisimame nimseme baba yangu mbele ya watu wanaopiga makofi?" Bujiku hakumtazama. "Nilinyamaza. Mzee mwenye eneo akinyamaza mkutanoni, mnamfuata nyumbani mkamuulize ana nini. Ndivyo tunavyofanya. Nilikaa hapa nikiwasubiri. Wewe hukuja, mwenyekiti hakuja. Alikuja yule mgeni peke yake, Jumatano, akakaa hapo alipochuchumaa huyu binti. Nikamwambia."

Gregory akasema, bila kuulizwa, "Ndiyo maana alitaka kuhama. Nikamwambia akachimbe pale au arudi Mwanza."

Hakuna aliyemjibu. Yusta aliona ni adhabu ya kutosha kwa sasa.

"Baba, Januarius yuko wapi?"

Jina lile lilifanya jambo la ajabu. Ng'washi, mke wa Bujiku, aliyekuwa anatoka jikoni na kikombe cha maziwa, alisimama kama aliyegonga ukuta, maziwa yakamwagika. Mihayo aliinamisha kichwa. Bujiku akageuza uso pembeni.

"Huyo mgeni hayupo," alisema.

"Amekufa?"

"Sijasema amekufa."

Yusta aliinuka polepole. Jana, alikumbuka, walifanya vivyo hivyo. Yule wa barabara. Yule mgeni. Yule bwana. Kutwa nzima hakuna aliyemtaja jina, naye akadhani hawalijui. Alimwendea Ng'washi, mama mnene mpole mwenye macho ya mtu ambaye hajalala, akampokea kikombe.

"Mama, kikombe hiki ni cha nani?"

"Cha Nyanda."

"Nyanda mwanao, uliyemzika mwaka juzi. Uliniambia jana. Na mzee hapa amemtaja baba yake bila shida. Wafu wa nyumba hii mnawataja wote, na mnawataja kwa mapenzi. Ni yule mgeni tu ndiye hatajwi. Kwa hiyo hajafa." Alishangaa sauti yake ilivyokuwa imetulia. "Kuna kitu mnamsubirishia. Kitu gani, mama?"

Ng'washi alimtazama mumewe. Mumewe alitazama chini.

"Kuoshwa," Ng'washi alisema.

"Kuoshwa vipi?"

"Alimshika mkwe wangu Mayige kwa mikono, mwanangu. Alishika kichwa. Katika ukoo huu, aliyeshika mifupa ya mkubwa wa mji harudi kwa watu wake, wala hatajwi jina, mpaka mkubwa wa ukoo amwoshe mikono. La sivyo anakwenda kuwaangamiza mke na watoto. Mkubwa wetu yuko Kimali. Tulimwita siku ile ile. Mvua ikajaza mto, hajavuka mpaka leo."

"Na pikipiki?"

"Mzee alisema watu wa barabara wataiona, watakuja kumtoa kabla ya wakati."

"Mlimfunga?"

"Hapana!" Ng'washi aliumia hasa kwa swali lile. "Alikubali mwenyewe. Alikuwa anatetemeka, anamwomba radhi mkwe wangu kule shimoni kama anaongea na mtu aliye hai. Akasema atalala usiku mmoja tu. Ilipofika asubuhi akawa anaumwa. Tukajua Mayige bado ana hasira."

"Anaumwaje?"

"Kiu. Anakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni, na bado ana kiu. Anatapika. Nguvu zimemwisha. Lakini usiogope, mwanangu, hatukumwacha na njaa. Ugali haupiti, kwa hiyo nampa asali. Ile ya nyuki wadogo, ya dawa. Kila akiomba maji, namkorogea asali nyingi."

Kikombe cha Nyanda kilimwanguka Yusta.

"Wapi?" alisema. "Mama, yuko wapi?"

Ng'washi hakujibu kwa mdomo, lakini macho yalikwenda kwenye kibanda nyuma ya zizi. Yusta alikuwa amekaa jana hatua chache kutoka pale, akinywa maziwa na kusifia ng'ombe. Alikimbia.

Bujiku, pamoja na uzee wake, alifika mlangoni kwanza. Alisimama na fimbo yake ameishika kwa mikono miwili. Luhende akapeleka mkono kwenye pingu.

"Acha, Luhende," Yusta alisema. "Baba, nipishe."

"Ukimtoa hajaoshwa, akafa njiani, damu yake ni ya mji huu. Wajukuu wangu ndio watailipa."

"Na akifia humu ndani?"

Mzee alizidi kuibana fimbo kifuani. Yusta aliona kwamba hakuwa mkali hata kidogo. Alikuwa ameogopa, pengine kuliko mtu yeyote pale uani.

"Mkubwa wa Kimali leo havuki," Yusta alisema. "Mwingine wa kuosha ni nani?"

"Hakuna."

Ni Ng'washi aliyewapita wote. Alikuwa na kibuyu cha maji mkononi, wala haikujulikana amekichota saa ngapi. Alisimama mbele ya mumewe, kifua kwa kifua.

"Mayige alipolala na ugonjwa, nani alimlisha?" aliuliza. "Nani alimwosha mwili? Ninyi wanaume mlikuwa mnauliza tu, amekula? Mikono yangu anaijua. Pisha."

Bujiku alipisha.

Ndani kulikuwa na joto na harufu tamu iliyozidi, kama matunda yaliyoiva mpaka yakaharibika. Januarius alikuwa kwenye mkeka, macho nusu yamefunguka hayaoni kitu, anavuta pumzi ndefu za haraka kama mtu aliyekimbia kutoka Dutwa. Midomo ilikuwa imekauka na kupasuka, na pembeni ya midomo ilikuwa inang'aa kwa asali. Yusta alimwita. Alimpiga makofi mepesi shavuni. Hakujibu.

Ng'washi alipiga magoti, akamwosha mikono, kidole kimoja kimoja, akisema maneno ya Kisukuma ambayo Luhende hakuyatafsiri. Yusta alitamani kumsukuma, akajizuia, akahesabu pumzi za Januarius badala yake na kuomba isikosekane inayofuata. Kisha mama yule akainama sikioni kwa mgonjwa.

"Januarius," alisema. "Nenda kwa watu wako."

Walimbeba mbio. Gari lilifika mbugani, likazama hapo hapo lilipozamia asubuhi. Luhende alitukana kwa lugha mbili. Lakini Mihayo alikuwa amewaswaga ng'ombe wake nyuma yao bila kuagizwa, na sasa alifunga mnyororo kwenye bampa, akaanza kuwapigia mbinja na kuwaita mmoja mmoja kwa majina. Gregory aliingia kwenye tope mpaka magotini, akasukuma akilia waziwazi. Kwenye kiti cha nyuma Ng'washi alikuwa amepakata kichwa cha Januarius, na kila mara alisema, "Bado anapumua," hata pale ambapo Yusta hakuwa ameuliza. Gari likatoka.

Yusta alipiga simu Mwanza mtandao uliporudi.

"Yu hai," alisema, na hakusikia kilichofuata kwa sababu ya kilio upande wa pili.

Kwenye kituo cha afya Dutwa, tabibu aliitwa Felisita. Alimchoma Januarius kidoleni, akatazama kimashine, akakitikisa, akachoma tena.

"Sukari imepita kipimo," alisema. "Mashine haiwezi kusoma. Alikuwa anakula nini huyu?"

Yusta alimwambia. Felisita alimtazama kwa sekunde moja, kisha akaanza kuita watu, dripu, insulini, gari la wagonjwa, akawafukuza wote chumbani.

Walikaa kwenye benchi la nje. Jua lilikuwa kali, na kina mama waliokuja kliniki waliwatazama kwa udadisi, askari wawili waliojaa matope, injinia asiye na kiatu kimoja, na mama wa kijijini mwenye asali mikononi. Yusta alitoa karatasi za maelezo kwenye mfuko wa koplo. Kazi ni kazi. Kumfungia mtu ni kosa, kudanganya polisi ni kosa, kuharibu ushahidi ni kosa. Alijua aanze na nani na aulize nini. Hakuandika.

Felisita alitoka baada ya muda uliokuwa mrefu kuliko siku zote tatu. Alikuwa anafuta jasho, lakini uso ulikuwa umebadilika.

"Anajibu. Pumzi imeanza kutulia, na amefumbua macho akamwita Valeria. Bado hajavuka, nampeleka hospitali Bariadi sasa hivi. Mngechelewa mpaka jioni, tusingezungumza haya."

Gregory alisimama, akaenda kuegemea ukuta mgongo ukiwa kwao. Luhende alimfuata.

Ng'washi alibaki na Yusta. Alisubiri tabibu aingie ndani, ndipo akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikia habari njema mara ya pili.

"Mwanangu, ile asali ilimsaidia?"

Yusta angeweza kusema ndiyo. Lakini angekuja kuambiwa na mwingine, na huyo mwingine huenda asingekaa naye benchi moja wakati wa kumwambia.

"Hapana, mama. Ugonjwa wake hautaki kitu kitamu. Asali ndiyo iliyokuwa inammaliza."

Ng'washi alitazama mikono yake. Aliigeuza, akaitazama upande wa pili. Kisha akakaza kanga kiunoni na kukaa wima.

"Mzee na Mihayo umekwisha kuwaandika?"

"Bado."

"Mihayo alibeba pikipiki tu. Mzee alifuata desturi ya baba yake. Asali ni mimi, hakuna aliyenituma. Andika hivyo."

"Mama, hukujua."

"Alikuwa ananiambia," Ng'washi alisema. "Usiku kucha, mpaka sauti ikakatika. Dawa yangu, mama, dawa yangu. Na mimi nikawa nampa kijiko, namwambia, tulia mwanangu, dawa yenyewe ndiyo hii."